Una uzio wa minyaa? Linda macho ya mwanao

Katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, Kisorya wilayani Bunda ikiwemo, minyaa ni uzio wa mwenye kipato kidogo. Unakata vijiti, unavichomeka ardhini, na baada ya misimu michache ya mvua mji umezungukwa. Kiangazi hakiuui, wala mbuzi hawaushambulii.

Tatizo ni utomvu wake mweupe kama maziwa. Tawi la mnyaa huvunjika kirahisi, na utomvu hutoka papo hapo. Mtoto anayefuata mpira uliotumbukia kwenye uzio, au anayechezea vijiti vyake, hushika utomvu kisha akajifikicha macho.

Jicho huwaka kama limeingia pilipili, huwa jekundu, hutoa machozi na kuona ukungu. Maumivu yanaweza kuongezeka saa kadhaa baadaye, hivyo mtoto aliyetulia jioni anaweza kuamka usiku akilia. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Wakicheleweshwa, kidonda kwenye kioo cha jicho kinaweza kuacha kovu na kupunguza uwezo wa kuona.

Mzazi, likitokea fanya hivi:

- Mzuie asifikiche jicho. Nawa mikono yako kwa sabuni kwanza.
- Mlaze kichwa upande, jicho lililoumia likiwa chini, ili maji yasiingie kwenye jicho zima.
- Fungua kope, mmiminie maji safi taratibu kwa dakika 15 au zaidi. Maji ya kunywa yanafaa.
- Usimtie maziwa ya mama, maji ya majani wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani.
- Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua. Mweleze mhudumu kuwa ni mnyaa.

Utomvu ukigusa ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni, na umvue nguo zilizochafuka.

Huna haja ya kung'oa uzio wote. Pogoa watoto wakiwa shuleni, ukivaa miwani, glavu na shati la mikono mirefu. Osha panga ukimaliza. Matawi yaliyokatwa yasiachwe uani, wala yasichomwe karibu na nyumba, maana moshi wake nao huwasha macho.

Na upande ambao watoto huchezea, panda bogenvilia au ukuta wa mabua. Miiba ya bogenvilia huchoma, lakini mtoto huiona.