Mgombea Binafsi: Je, Ni Lazima Uwe na Chama Ndipo Uchaguliwe?



Kila uchaguzi unapokaribia, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa katika semina za uraia tunazoendesha vijijini. Anasimama mama mmoja, au kijana, au mzee wa kanisa, anasema: "Wenzangu wananiomba nigombee. Ila mimi si mwanachama wa chama chochote, wala sipendi kuwa. Naweza kugombea?" Jibu letu huwa fupi, nalo huwahuzunisha wengi: kwa sheria za Tanzania, huwezi. Si urais tu. Hata ubunge, udiwani na uenyekiti wa kijiji au kitongoji vinataka uwe mwanachama wa chama cha siasa na upendekezwe na chama hicho.

Kwa kuwa swali hili linarudi kila mara, tumeona ni vyema tueleze katika toleo hili mgombea binafsi ni nani, kwa nini hayupo kwetu, na majirani zetu wamefanyaje. Hatumpigii debe mtu wala chama. Tunachotaka ni msomaji aielewe haki hii na historia yake, kisha aamue mwenyewe.

Mgombea binafsi ni nani?

Mgombea binafsi, au mgombea huru kama wengine wanavyomwita, ni raia anayeomba kura bila kudhaminiwa na chama. Anatimiza masharti mengine yote kama wagombea wenzake: uraia, umri, kujua kusoma na kuandika, na kuwa na wadhamini waliojiandikisha kupiga kura katika eneo lake. Kinachokosekana ni barua ya chama tu.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ina uzito. Mgombea wa chama huchujwa kwanza na wenzake katika kura za maoni na vikao vya chama. Wananchi wa kawaida hupata nafasi ya kuchagua baadaye, na ni miongoni mwa wale tu waliopitishwa. Tena kwa Katiba yetu, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake, hata kama waliompigia kura bado wanamtaka.

Mbulu, mwaka 1960

Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lililokuwa na viti 71 vya kuchaguliwa. TANU ilikuwa na nguvu kiasi kwamba wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Katika kura zilizopigwa, TANU ilishinda kila mahali isipokuwa jimbo moja, nalo ni Mbulu. Huko Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, naye akashinda.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, mgombea binafsi si lazima awe adui wa chama. Pili, wananchi wakiona kwamba chama kimekosea katika kumteua mtu, walikuwa na njia ya amani ya kusema hivyo. Nchi haikuvunjika, na mwaka uliofuata ikapata uhuru.

Mlango ulivyofungwa

Mwaka 1965 tuliingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja. Katika kila jimbo wananchi waliletewa majina mawili yaliyopitishwa na chama, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Uchaguzi ulikuwepo, ila mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja.

Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena. Wengi walidhani kwamba sasa milango yote imefunguka. Kumbe sheria ilisema mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Vyama viliongezeka, lakini raia asiye na chama alibaki nje kama zamani.

Hapo ndipo penye utata. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Na Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Sasa mtu atashirikije kama mgombea bila kujiunga, na ikiwa hawezi, je, huko si kulazimishwa?

Safari ndefu ya mahakamani

Aliyelipeleka swali hilo mahakamani ni Mchungaji Christopher Mtikila, mwanzilishi wa chama cha DP. Wengine walimpenda na wengine walimwona msumbufu, lakini katika jambo hili hakukata tamaa kwa miaka ishirini.

Mwaka 1993 alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba ni halali kwa mgombea binafsi kugombea sambamba na wagombea wa vyama, katika urais, ubunge na udiwani. Lakini mwezi huo huo, kabla hata hukumu haijasomwa, serikali ilikuwa imepeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba. Tarehe 2 Desemba 1994 Bunge liliupitisha, na sharti la chama likawekwa wazi zaidi ndani ya Katiba. Kwa hiyo, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, ulifanyika bila mgombea binafsi. Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliopinga hadharani mabadiliko hayo.

Mwaka 2005 Mchungaji Mtikila alirudi mahakamani, safari hii Dar es Salaam. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Manento, Massati na Mihayo, walikubaliana naye. Waliitaka serikali iweke utaratibu wa wagombea binafsi kabla ya uchaguzi mkuu uliofuata. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010, miezi minne kabla ya uchaguzi, majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani waliitengua hukumu hiyo. Walisema hili ni suala la kisiasa, na wenye kuliamua ni Bunge, si mahakama.

Ndani ya nchi, njia ilikuwa imefika mwisho. Ikabaki Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Mwaka 2011 Chama cha Wanasheria Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mchungaji Mtikila mwenyewe walifungua mashauri huko, nayo yakaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika katika haki ya kushiriki kwa uhuru katika serikali ya nchi, haki ya kujiunga na wengine kwa hiari, na haki ya usawa mbele ya sheria. Iliiagiza serikali ichukue hatua za kikatiba na kisheria katika muda unaofaa, na muhtasari wa hukumu utangazwe kwa Kiswahili pia, ili wananchi wausome. Mwaka 2014 ilikataa ombi la Mchungaji la kulipwa fidia. Ushindi wake ulikuwa wa haki, si wa fedha.

Mchungaji Mtikila alifariki dunia katika ajali ya gari eneo la Msolwa, Chalinze, tarehe 4 Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Hakuwahi kuona jina la mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura.

Hoja za pande mbili

Si haki kueleza upande mmoja tu. Wanaopinga wana hoja zao. Wanasema vyama hulazimika kutafuta wanachama pande zote za Muungano, hivyo hujenga umoja. Mgombea binafsi anaweza kupita kwa kutegemea kabila lake, dini yake au mfuko wake. Wanauliza pia: akiharibu, nani atawajibika? Chama kinabaki na kinaweza kuadhibiwa katika uchaguzi unaofuata, lakini mtu binafsi huondoka na yake.

Wanaounga mkono wanajibu kwamba ukabila na rushwa havikuanza na mgombea binafsi. Hata kura za maoni za vyama zina malalamiko yake. Hatari hizo zidhibitiwe kwa masharti, kama idadi ya wadhamini, badala ya kufuta haki yenyewe. Na wanakumbusha kwamba wapo raia waaminifu wasiojiunga na chama kwa sababu nzuri: viongozi wa dini wanaotaka kuwahudumia waumini wa vyama vyote, wasuluhishi wa migogoro ya ardhi, au akina mama viongozi wa vikundi ambao wakivaa rangi za chama kimoja, nusu ya kikundi itawakimbia.

Majirani wamefanyaje?

Kenya iliruhusu wagombea binafsi kwa Katiba ya mwaka 2010. Tuchukue mfano wa bunge la kaunti, kwa kuwa ndicho chombo kilicho karibu zaidi na mwananchi. Kenya ina kaunti 47, kila moja na bunge lake, na wadi 1,450 zinazochagua wawakilishi. Anayetaka kugombea wadi bila chama anatakiwa:

- asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi;
- aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo (kwa ubunge wa taifa ni 1,000);
- apeleke alama yake ya uchaguzi kwa Tume mapema, nayo isifanane na alama ya chama.

Katika uchaguzi wa 2022 ada ya kugombea wadi ilikuwa shilingi 5,000 za Kenya, na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walilipa nusu. Akichaguliwa kisha akajiunga na chama, anapoteza kiti. Kwa hiyo hawezi kuomba kura kama mtu huru halafu akauza uhuru huo. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru bila chama. Hata hivyo, aliingia katika mvutano mkali na wawakilishi wa wadi, na mwaka 2024 Seneti iliunga mkono kuondolewa kwake. Ni fundisho kwamba kushinda peke yako ni jambo moja, na kuongoza bila wenzako ni jingine.

Uganda nayo huwaruhusu. Mwaka 2021 waliingia bungeni zaidi ya 70. Lakini tuseme ukweli: huko na Kenya, wengi wa wagombea binafsi ni watu walioshindwa katika kura za mchujo za vyama vyao. Tena kazi yao ni ngumu, maana mawakala wa kila kituo, usafiri na mabango ni juu yao wenyewe.

Tumefikia wapi?

Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014, ilimkubali mgombea huru. Lakini kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haikufanyika hata miaka kumi baadaye. Mwaka 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kujiondoa katika tamko linaloruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na hatua hiyo ilianza kutumika Novemba 2020. Kwa maneno mengine, njia aliyopita Mchungaji Mtikila haikubaki wazi kwa atakayemfuata. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 na uchaguzi mkuu wa 2025 ulifanyika kwa wagombea wa vyama tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Suala hili litaamuliwa katika Katiba, na Katiba ni ya wananchi. Tunawaomba viongozi wa vikundi wasome Ibara za 20, 21, 39 na 67 pamoja na wenzao, kwa utulivu na bila kushutumiana kwa vyama.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, katika kijiji chetu yupo mtu anayefaa kuongoza ambaye hawezi kugombea kwa kuwa hana chama?
2. Tukiruhusu wagombea binafsi, tuweke masharti gani ili fedha na ukabila visitawale?
3. Mwakilishi asiye na chama tutamwajibishaje?