Nauli ya Salama: asilimia ya nini?

Tuchukue gari moja: matatu ya abiria 14 inayofanya kazi kati ya Nairobi na Salama, mji wa Makueni ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa, chini ya kilomita mia moja kutoka jijini. Tuseme nauli ni shilingi 300, gari linaenda na kurudi mara mbili kwa siku, na kila kiti kimelipiwa. Hizo ni safari 4, abiria 56, shilingi 16,800. Nauli hupanda sikukuu na kushuka siku za ukame wa abiria, kwa hiyo 300 ni ya mfano tu. Ada za M-Pesa nitakazotumia ni zile za kuanzia Julai 2023.

Abiria akituma nauli kwa simu ya kondakta, kiasi chochote cha kati ya shilingi 101 na 500 hutozwa shilingi 7, na anayezilipa ni abiria. Hiyo ni asilimia 2.33 ya nauli yake. Abiria 56 wakifanya hivyo, 392 zimeondoka mifukoni mwao kwa siku moja. Jioni kondakta akitoa zile 16,800 kwa wakala, anakatwa 185. Jumla ni shilingi 577, asilimia 3.4 ya mapato ya siku.

Njia ya pili ni tili, yaani nambari ya biashara ya Lipa na M-Pesa. Hapa mwenye nambari ndiye anayekatwa asilimia 0.55, na malipo ya shilingi 200 kushuka hayakatwi kabisa. Kwa nauli ya 300 hiyo ni shilingi 1.65, kwa siku nzima, 92.40. Kwa siku 26 za kazi inafika 2,402.40, ilhali abiria wanaotuma kwa simu ya kondakta watakuwa wametoa 10,192 kwa muda huo huo. Ukipima kwa ada peke yake, tili inashinda kwa zaidi ya mara nne.

Pesa taslimu haina ada, lakini ina gharama yake. Abiria anayeshuka Salama na noti ya 1,000 anadai chenji ya 700. Kondakta, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, anahesabu mia mbili, mia tatu, kisha anakimbilia kibanda kilicho ng'ambo ya malori yaliyoegeshwa, huku dereva na abiria huyo wakimngoja. Dakika hizo haziandikwi popote.

Kama tili ni nafuu hivyo, mbona abiria bado anasomewa nambari ya simu ya mtu binafsi? Mwaka 2014 kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zilitaka kila mwendeshaji awe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na nauli zilipwe bila pesa taslimu kuanzia Julai 1. Tarehe ikasogezwa, noti zikaendelea kupokelewa. BebaPay, kadi ya kulipia nauli iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity mwaka 2013, ilifungwa 2015. Makondakta walilaumiwa kwa ukaidi. Mimi naona lawama hiyo inaruka hatua moja ya hesabu, na hatua hiyo ndiyo kubwa.

Katika biashara ya matatu, neno hesabu lina maana yake maalumu: kiasi ambacho mwenye gari hudai kila jioni, gari lijae lisijae. Tukadirie hesabu ya 5,000, mafuta 6,000, na 1,500 za steji, kuosha gari na mengineyo. Jumla 12,500. Kwenye 16,800 zinabaki 4,300 za dereva na kondakta kugawana.

Sasa ondoa abiria watatu tu katika kila safari. Wanabaki 44, mapato ni 13,200, na matumizi ni yale yale. Dereva na kondakta wanabaki na 700. Mapato yameshuka kwa asilimia 21. Chao kimeshuka kwa asilimia 84. Hata ile ada ndogo ya tili inabadilika sura: ni shilingi 72.60 siku hiyo, ambazo ni asilimia 0.55 ya nauli lakini asilimia 10.4 ya zile 700.

Tena, tili ikiwa ya mwenye gari, kila jioni anaiona 16,800 nzima, wala si 5,000 peke yake. Akijua siku nzuri zinaacha 4,300, ni rahisi kwake kupandisha hesabu hadi 6,000, na zile siku za abiria 44 zinageuka hasara ya shilingi 300. Kwa mwenye gari, 92.40 haifiki hata theluthi ya nauli moja iliyopotea. Kwa kondakta, kinachotolewa ni siri ya siku nzuri inayoilipia siku mbaya.

Jaribu kipimo hicho, cha ada dhidi ya kinachobaki, kwenye teksi za programu. Uber ilianza Nairobi mwaka 2015, Little ya Craft Silicon na Safaricom ikafuata 2016. Uber ilikuwa ikikata asilimia 25, na kanuni za 2022 zikaweka kikomo cha 18. Kwa matatu yetu, asilimia 18 ya 16,800 ingekuwa 3,024, ambazo ni asilimia 70 ya zile 4,300. Siku ya abiria 44 ni 2,376, wakati kilichobaki ni 700. Kwa gari dogo la Probox linalotoka Salama kupanda Kilome au Nunguni takwimu ni nyingine, ila swali ni lile lile: asilimia inakatwa kwenye nauli yote, au kwenye kinachobaki baada ya mafuta?

Abiria naye ana upenyo wake. Kutuma shilingi 100 kushuka hakutozwi chochote, kwa hiyo nauli ya 300 iliyotumwa mara tatu haina ada. Gari zima likifanya hivyo linaokoa shilingi 98 kwa safari, na kondakta, amesimama mlangoni, ana ujumbe 42 wa kukagua badala ya 14.