Programu za Kuhariri Picha: Kukodi kwa Mwezi au Kununua Moja kwa Moja?

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Sifa njema zote ni za Allaah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi hapa Unguja alinijia baada ya darsa. Kwa miaka kadhaa anahariri picha kwa programu aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi, ambayo kufuli lake limeshavunjwa. Sasa anataka kujisafisha, lakini ameambiwa kuwa njia ya halali ni kulipa kila mwezi. Akauliza: “Sheikh, nitalipa miaka yote na mwisho wake similiki kitu. Hii si dhulma?”

Ndugu zetu wengi wana swali kama hili, kwa hiyo tulieleze kwa utulivu.

Jambo la kwanza ni kujua aina ya mkataba. Katika fiqhi, bay' (mauziano) ni kuhamisha umiliki kwa thamani inayojulikana. Ijara ni kuuza manfaa ya kitu kwa muda na ujira unaojulikana. Mtu akipanga nyumba Kikwajuni miaka kumi, hatoki na hata tofali moja, na hakuna anayesema amedhulumiwa, kwani alilipia kukaa na amekaa. Programu ya kulipia kwa mwezi inafanana na ijara, na asili yake inajuzu.

Zamani Photoshop ilikuwa ikiuzwa kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kuwa matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia kwa muda tu. Lightroom 6, iliyotoka mwaka 2015, ikawa ya mwisho katika aina yake kuuzwa moja kwa moja.

Hata hivyo, anayenunua moja kwa moja naye asidhani kuwa amemiliki programu kama anavyomiliki ng'ombe. Alichonunua ni haki ya kuitumia bila kikomo cha muda. Hana haki ya kuinakili na kuwauzia watu. Na toleo lililonunuliwa huzeeka. Ukinunua kamera mpya, huenda programu ya zamani isiweze kufungua mafaili yake ghafi.

Jambo la pili ni masharti. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza biashara ya gharar, yaani yenye utata na kutojulikana. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ziko programu ambazo bei imeandikwa kwa mwezi, ilhali mkataba ni wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo. Anayejitoa katikati hutozwa sehemu ya miezi iliyobaki. Mwezi wa Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kuwa tozo hiyo haikuwekwa wazi kwa wateja. Kwa upande wetu funzo ni hili: ijara ni mkataba unaofunga. Ukikubali mwaka huku unajua, timiza. Na muuzaji akificha sharti, huo ni udanganyifu, nao ni haramu kwake.

Angalia pia njia ya malipo. Tumia kadi inayokata pesa zako mwenyewe, si kadi ya mkopo itakayokuingiza kwenye riba. Na kumbuka kuwa malipo hujirudia yenyewe mpaka uyasimamishe.

Jambo la tatu ni hesabu. Tuchukue mfano tu: programu moja inakodishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi na nyingine inauzwa shilingi 180,000. Baada ya miezi sita gharama zimelingana. Baada ya miaka mitano aliyekodi amelipa 1,800,000. Mwenye kazi za harusi kila wiki, anayehitaji maboresho ya mara kwa mara, huenda akaona kukodi kunamfaa. Mwenye kazi msimu hadi msimu, kununua kunamsitiri zaidi, kwani kazi ikikatika chombo chake hakifungwi.

Na wapo waliotoa ruhusa bila malipo. GIMP imekuwa ikitolewa bure tangu miaka ya 1990, na darktable vile vile ni bure kwa picha ghafi. Affinity ilikuwa ikiuzwa kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2024 ilinunuliwa na Canva, na mwaka 2025 ikatolewa bure. Mwenye mali akikuruhusu, hiyo ni halali yako safi, hata kwa kazi ya kipato.

Ama programu iliyovunjwa kufuli, haijuzu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Kusema “kampuni ile ni tajiri” au “si ya Waislamu” hakuhalalishi mali ya mtu.

Nilimwambia kijana yule: dhulma si kulipa bila kumiliki, dhulma ni kutumia bila idhini. Tubu, ifute programu ile, anza na ya bure huku ukijifunza, kisha kodi au nunua kwa kadiri ya kipato chako. Ujira wa jasho lako la kupiga na kuhariri asili yake ni halali. Kosa lilikuwa katika chombo. Ama picha za maharusi wasiojisitiri, hilo lina hukumu yake na tutalieleza pekee, in shaa Allaah.

Wa Allaahu A'lam.