Kabla ya Kubadili Mota ya Pampu ya Bwawa la Kuogelea, Soma Kibao Chake

Pampu ya bwawa la kuogelea inaposimama, maji hayasubiri. Katika joto la Pwani, maji yasiyozunguka huweza kuanza kugeuka kijani ndani ya siku chache. Mwenye nyumba, au mwenye nyumba ya wageni ambaye bwawa ndilo linalomletea wateja, hukimbilia dukani na kuchukua mota ya kwanza anayooneshwa. Haraka hiyo huleta gharama ya umeme isiyo ya lazima kila mwezi. Lililo zito zaidi, huweza kuleta umeme unaovuja mahali ambapo watoto wanaogelea.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mota yenyewe ndiyo iliyokufa. Mota inayovuma bila kuzunguka mara nyingi imeharibikiwa na kapasita tu, kifaa kidogo ambacho bei yake hailingani kabisa na ya mota mpya. Kapasita mpya iwe na kiwango kilekile cha maikrofaradi, na volti zisizopungua za ile ya zamani. Ishikwe na fundi pekee, kwa kuwa huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Mota inayopiga kelele ya msuguano kwa kawaida imechakaa beringi, na chanzo chake mara nyingi ni maji yanayopenya kwenye sili. Lakini iliyotoa harufu ya kuungua, na ambayo hukata umeme kila inapowashwa, koili zake huenda zimeungua. Kusuka mota upya ni ufundi unaoheshimika nchini, na kwa mota kubwa za viwandani hulipa. Kwa mota ndogo ya bwawa, hasa ambayo ganda lake limeliwa na chumvi na klorini, gharama hiyo mara nyingi haina faida.

Ikithibitika kwamba mota mpya inahitajika, mwongozo wa kuichagua upo kwenye kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye ile ya zamani. Cha kwanza kusomwa ni volti na masafa. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 kwa Hz 50, na wa njia tatu ni volti 400. Mota zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huandikwa volti 115 au 230 kwa Hz 60. Wapo wanaoamini kwamba transfoma ya kupunguza volti humaliza tatizo hilo. Hailimalizi, kwa sababu transfoma hubadili volti na kuyaacha masafa yalivyo. Mota ya Hz 60 ikipewa volti zake kamili kwa Hz 50 huzunguka polepole zaidi kwa takriban moja ya sita, hupungukiwa nguvu ya kusukuma maji, na koili zake hupata joto kupita kiasi. Mota yenye kibao kinachosomeka 50/60 Hz haina shida hiyo.

Kinachofuata ni nguvu, na hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Kibao huweza kuwa na namba mbili: P1, yaani umeme unaoingia kwenye mota, na P2, yaani nguvu inayotoka kwenye shafti. Mota mbili haziwezi kulinganishwa kwa kuchukua P1 ya moja na P2 ya nyingine. Penye kipimo cha nguvu za farasi, farasi mmoja ni wati 746 hivi. Mota za Kimarekani huongeza kizidishio cha ziada ya mzigo, hivyo mota iliyoandikwa farasi 1 yenye kizidishio cha 1.65 huweza kubeba mzigo wa farasi 1.65. Anayeipima kwa namba ya kwanza pekee hununua mota ndogo kuliko inayohitajika.

Kuongeza ukubwa nako hakuongezi maji. Kinachoamua kiasi cha maji ni impela na kasi yake. Mota yenye nguvu zaidi ikifungwa kwenye impela ileile, kwa kasi ileile, haitatoa maji mengi kuliko ya awali. Iliyo ndogo kuliko mahitaji ya impela, kwa upande wake, huvuta ampia nyingi na kukatwa na kinga yake ya joto mara kwa mara. Shafti, matundu ya boliti na mwelekeo wa kuzunguka navyo vilingane na vya pampu. Sili hubadilishwa kila mota inapofunguliwa, hata kama ya zamani inaonekana nzima, na nyuso zake hazishikwi kwa vidole vyenye mafuta.

Kuhusu gharama, hesabu ni rahisi. Mota inayovuta kilowati 1.1 kwa saa 8 kila siku hutumia uniti 264 kwa siku 30. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 kwa wateja wa kundi la T1, hiyo ni shilingi 77,088 kabla ya kodi na tozo. Mota ya kasi inayobadilika ikizungushwa kwa nusu ya kasi husukuma nusu ya maji, lakini kinadharia huhitaji moja ya nane tu ya nguvu. Hata ikichukuliwa kwamba kwa vitendo inavuta kilowati 0.25 na kufanya kazi saa 16 ili kuzungusha maji yaleyale, matumizi yatakuwa uniti 120, sawa na shilingi 35,040. Marekani iliweka viwango vya lazima vya ufanisi wa pampu za mabwawa kuanzia Julai 2021, na sababu ni hesabu ya namna hii. Hata hivyo, kuosha kichujio cha mchanga huhitaji kasi kubwa. Mota ya kawaida ya njia moja yenye kapasita nayo haigeuzwi kuwa ya kasi inayobadilika kwa kufungiwa kidhibiti cha bei nafuu, itaungua.

Ununuzi ukikamilika, mnunuzi adai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa, kwani bila hiyo ni vigumu kudai haki endapo mota itabainika kuwa bandia. Kazi ya kuunganisha umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona. Fundi huyo ahakikishe kwamba ganda la mota limeunganishwa na waya wa ardhini, na kwamba njia ya umeme wa pampu ina kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kifaa hicho kina kitufe cha majaribio kinachobonyezwa mara moja kwa mwezi. Kisipokata umeme, watu watoke majini, swichi kuu ya pampu izimwe, na bwawa lifungwe hadi kibadilishwe.