Rubani na Kibali: Neno Moja, Ruhusa Mbili

Neno rubani lilifika pwani kutoka Kiarabu, nalo lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga. Rubani alikuwa mjuzi wa mlango wa bandari, mtu wa kukipitisha chombo salama baina ya miamba. Mombasa ina kisa chake cha kale cha marubani. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipong'oa nanga ili aingie bandarini, chombo chake kilikataa kugeuka, kikagongana na kilichofuata nyuma, na nanga zikatiwa tena kwa ghafla. Marubani wawili waliochukuliwa Msumbiji wakajitosa majini. Wareno waliona huo ni ushahidi wa njama. Huenda njama ilikuwapo. Hata hivyo, yaelekea amri ya kutia nanga, iliyotokana na mgongano tu, marubani wale waliielewa kuwa jambo jingine kabisa.

Rubani wa leo huondokea ng'ambo ya kisiwa, katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Port Reitz, na tatizo la amri kueleweka vingine limehama naye. Makala haya yanaeleza sura moja ya tatizo hilo: kibali cha kuondoka anachopewa rubani anayesafiri kwa kutegemea ala badala ya macho yake.

Kibali hicho husomwa kwa redio ndege ingali chini. Hutaja kituo cha mwisho cha safari, njia, kimo cha kwanza cha kupandia, masafa ya redio ya mwongozaji atakayefuata, na nambari ya tarakimu nne itakayoitambulisha ndege kwenye rada. Rubani huyaandika haya, kisha huyarudia kwa sauti ili mwongozaji athibitishe. Lakini chote hicho ni kibali cha njia. Hakimruhusu rubani kuingia kwenye barabara ya kurukia, sembuse kupaa. Ruhusa ya kupaa ni nyingine, nayo hutolewa na mnara wakati barabara iko wazi. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya redio ya anga Mombasa, hutumia kitenzi kimoja kwa ruhusa zote mbili, na hapo ndipo mtego ulipo. Nahodha wa jahazi katika Bandari ya Kale angeutambua upesi: hati za forodha zilizogongwa muhuri humpa haki ya kwenda, ila hazimwambii kama maji yamejaa wala kama mlango wa bandari una chombo kingine.

Mfano mchungu kuliko yote ulitokea Tenerife, visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977. Ndege ya KLM ilikuwa mwanzoni mwa barabara, ukungu ukiwa umetanda, na ndege ya Pan Am ingali juu ya barabara hiyo hiyo. Mnara ukaisomea KLM kibali cha njia, na ndani yake mkatajwa la kufanya baada ya kupaa. Rubani msaidizi alipokuwa akikirudia, nahodha wake alikwisha kuanza kuiondoa ndege. Msaidizi akamalizia kwa Kiingereza chenye muundo wa Kiholanzi, kwa maneno yaliyoweza kumaanisha ama kwamba wako mahali pa kupaa, ama kwamba wamo katika kupaa. Mwongozaji alielewa maana ya kwanza. Watu 583 walikufa. Tangu hapo kanuni za kimataifa zimetaka neno la kupaa litumike tu pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Kwingineko kote husemwa kuondoka.

Kurudia maneno nako si dawa kamili. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege ya British Airways iliyokaribia Nairobi iliambiwa ishuke hadi futi 7,500. Marubani walisikia 5,000, wakairudia hiyo 5,000, na mwongozaji hakulishtukia kosa. Mombasa, iliyo karibu na usawa wa bahari, futi 5,000 ni anga tupu. Nairobi uwanja wenyewe uko juu ya futi 5,300. Ndege ilitoka mawinguni ikaiona ardhi papo hapo chini yake, ikapandishwa haraka, na hakuna aliyeumia. Hii ilikuwa amri ya kushuka, lakini ugonjwa ni ule ule: msikilizaji husikia anachokitarajia.

Je, Kiswahili kingewaokoa marubani wa KLM? Mpenzi wa lugha angependa kujibu ndiyo, kwa kuwa viambishi vyetu vya njeo hutenganisha vizuri tutapaa na tumepaa. Lakini tunapaa ina utata ule ule wa Tenerife. Abiria asemaye "kesho tunaondoka" hajaondoka, naye asemaye "tunaondoka" huku gari likitembea ameshaondoka. Kiambishi -na- hubeba yote mawili, na muktadha ndio unaoamua; ndani ya ukungu muktadha hauonekani.

Ugumu mwingine ni wa istilahi. Kibali, ruhusa na idhini hubadilishana nafasi katika Kiswahili cha kila siku bila mtu kujali. Istilahi za anga zikitungwa, ingefaa kibali kibakizwe kwa njia peke yake, idhini iwe ya barabara ya kurukia, na kitenzi paa kisitajwe kamwe ndani ya kibali.