Kandika Nyumba Kabla ya Kipupwe

Ndugu wakulima wa Njombe, Makete na nyanda za juu kusini, leo tuache shamba kidogo, tutazame kuta za nyumba zetu kwa upande wa nje.

Mvua zikiisha mwezi wa Mei, wengi tunakimbilia mavuno. Ukuta uliolowa unasahauliwa. Mara Juni hii hapa: anga linatakata, upepo unatulia usiku, na asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa jalidi. Huko Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hilo si ajabu hata kidogo.

Sasa sikilizeni. Maji yakiganda huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi. Maji yaliyo ndani ya ufa, au ndani ya udongo usiokauka, yanausukuma udongo. Jua likitoka yanayeyuka, na udongo unabaki umelegea. Mimi mwenyewe niliwahi kukandika mwezi wa Julai, jioni, nikajisifu. Siku chache baadaye ganda lote la ukuta wa kusini lilikuwa chini. Na ndivyo, maana miezi hiyo jua hupita kaskazini, ukuta wa kusini haulioni.

Basi anza na huo wa kusini, mara mvua zinapokatika. Kwangua udongo uliolegea. Panua ufa kwa ncha ya kisu, unyunyizie maji kidogo, ndipo uuzibe. Changanya udongo wa mfinyanzi, mchanga, na mabua ya ngano yaliyokatwakatwa. Jaribu kipande kidogo kwanza; kikipasuka kinapokauka, ongeza mchanga. Paka tabaka jembamba, likauke, kisha la pili. Kandika asubuhi, si jioni.

Chini ya ukuta ndiko kwenye kazi kubwa. Ondoa udongo uliorundikana, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali, na upenu wa paa utokeze vya kutosha. Wengine hupiga lipu ya saruji juu ya matofali mabichi. Mimi sishauri: unyevu unanaswa nyuma yake, na siku moja lipu inabanduka vipande vipande.

Kwa nini nasisitiza hivi? Nyumba yenye nyufa ndiyo inayotufanya tuingize jiko la mkaa chumbani na kufunga kila tundu. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unadhani ni usingizi tu. Watu wamelala hivyo wasiamke. Kwa hiyo ziba nyufa, lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yaache wazi, na jiko litoke nje kabla hamjalala, hata kama makaa bado ni mekundu.