Je, Wajua? Nyumba Zinazoshushwa kwa Winchi

Je, wajua kwamba kuna kibanda cha kulala watu wawili kinachosimikwa kwa muda usiofika saa moja? Hutengenezwa na kampuni ya Pallet ya jimbo la Washington, Marekani, kwa ajili ya watu wanaolala barabarani. Kina mita za mraba 6 hivi, vitanda, dirisha na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Choo hakimo. Choo na bafu ni vya jumuiya, nje.

Je, wajua kwamba kibanda hicho hicho, kilichokuwa na bei isiyofika dola 10,000, kiliwahi kuigharimu Los Angeles takriban dola 130,000? Ilikuwa Chandler Street, North Hollywood, kwenye kijiji kilichofunguliwa Februari 2021. Kiwanda hakikupandisha bei. Pesa ziliishia kwenye zege la kukalisha kila kibanda, umeme, ving'ora vya moto, mabomba ya chini ya ardhi, ofisi na vibali. Mtu akikutajia bei ya nyumba ya aina hii, muulize kama amehesabu kiwanja.

Je, wajua kwamba kontena la meli, kwa ndani, lina upana wa mita 2.35 tu? Ukishapachika kizuia joto ukutani unabaki na ujia. Ndiyo maana wasanifu wengi huliacha na kuunda maboksi yao ya mbao au chuma, mapana zaidi, na kikomo chao kikawa barabara: lori lazima lipite. Hili si geni kwetu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikuvuka mita tatu. Na boriti hizo zilipopakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, zikaamua upana wa vyumba vya huko pia.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 Kamishna wa Watoto wa England alitoa ripoti iliyokosoa kuwekwa kwa familia zisizo na makazi ndani ya makontena? Joto kali wakati wa kiangazi, baridi wakati wa majira ya baridi, nafasi finyu. Aliyewahi kukaa kwenye duka la kontena Dar es Salaam saa nane mchana angeiandika ripoti hiyo bila kupanda ndege. Kabla ya ripoti hiyo, makontena 36 ya Brighton, nchini humo humo, yaliyofunguliwa mwishoni mwa 2013 kwa ajili ya watu waliotoka mitaani, yaliletwa kutoka Uholanzi yakiwa tayari yametengenezwa kuwa makazi. Mradi wa Amsterdam ambao yalitengenezwa kwa ajili yake ulikuwa umekwama.

Je, wajua kwamba Los Angeles kuna jengo lililopandishwa mgongoni mwa jengo jingine? Star Apartments, kazi ya msanifu Michael Maltzan, lina nyumba 102 za watu waliokuwa wakiishi mitaani. Vipande vyake viliundwa Boise, jimbo la Idaho, vikasafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 1,000, kisha winchi ikavishusha kimoja kimoja juu ya jukwaa la zege lililojengwa juu ya safu ya maduka ya zamani. Maduka hayakubomolewa. Kati ya maduka na nyumba kuna ghorofa iliyoachwa wazi yenye bustani ya mboga na njia ya kukimbilia. Kwa jicho langu, ghorofa hiyo ndiyo akili ya jengo zima, kwa sababu mtu aliyezoea miaka mingi kuishi nje hawezi kuambiwa ghafla akae na kuta nne. Lakini shirika lililolimiliki, Skid Row Housing Trust, liliishiwa pesa za kuendeshea majengo yake, na mwaka 2023 mahakama ikayakabidhi kwa msimamizi. Ujenzi hutafutiwa wafadhili kwa mbwembwe. Fundi bomba na mlinzi wa kila mwezi hawana mfadhili.

San Francisco nayo ina jengo la Tahanan, lililokamilika 2021: vyumba 145, kila kimoja na choo na jiko dogo, kwa miaka mitatu hivi na chini ya dola 400,000 kwa chumba. Bei ya kutisha, naam, ila mjini humo nyumba za aina hiyo huzidi hapo na huchukua muda mrefu zaidi. Viliundwa Vallejo, katika karakana za zamani za jeshi la majini zilizokuwa zikitengeneza nyambizi.

Je, wajua kwamba nyumba hizi zinaweza kufunguliwa na kuhama? PLACE/Ladywell, mtaa wa Lewisham, London, ilisimamishwa 2016 kwenye kiwanja kilichokuwa kikisubiri mradi mwingine: ghorofa nne, familia 24, biashara chini. Ilibuniwa ivunjwe vipande na kujengwa tena kwingine, na bado vyumba vyake vilizidi kipimo cha ukubwa wa nyumba cha London kwa asilimia 10.

Na katika Lewisham hiyo hiyo upo mtaa wa Excalibur, uliokuwa na vijumba zaidi ya 180 vilivyojengwa 1945 na 1946 na mateka wa vita wa Kijerumani na Kiitaliano. Vilipangiwa kama miaka 10. Mwaka 2009 sita kati yake vikaandikishwa kuwa urithi wa taifa. Neno "muda" kwenye mkataba wa nyumba lisikupe usingizi.

Je, wajua kwamba Vancouver, Kanada, ilipotangaza mwaka 2017 nyumba 78 za aina hii huko Marpole, majirani waliandamana wakisema ziko karibu mno na shule? Jiji lilikwenda mahakamani ili wajenzi waweze kuingia. Boksi halikuwa na kosa lolote. Ugomvi ulikuwa wa ardhi.

Je, wajua kwamba nchi inayosifiwa zaidi kwa kuwapa nyumba wasio na makazi haikuanza na boksi? Ufini ilianza mwaka 2008 kuwapa watu nyumba kwanza, yenye mkataba wa kupanga, bila kuwadai waache pombe kabla ya kupewa ufunguo. Helsinki ilikuwa na vitanda 2,121 vya mabweni ya wasio na makazi mwaka 1985. Kufikia 2016 vilibaki 52. Mabweni kadhaa yaligeuzwa kuwa nyumba za kupanga. Maboksi ya kiwandani yanaharakisha kazi hiyo, lakini hayashiki nafasi yake.

Je, wajua kwamba Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa? Hesabu ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchini humo. Msomaji wa Kenya, kaunti yako itakapoita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nenda ukaulize ni kiwanja kipi kimetengwa kwa ajili yao, na nani atalipa maji na ulinzi mwaka wa pili.